Mistari Sita Inatosha

Mwezi huu ninataka tuzungumze juu ya jambo lililo mukononi mwa kila mutu, ni kusema ujumbe tunaoandikiana ndani ya telefone, zaidi sana katika vikundi vya WhatsApp vya kanisa na vya familia. Neno langu ni hili: ni vizuri ujumbe wa namna ile uwekewe mupaka wa urefu, na mupaka ule ushikwe kabisa. Musicheke. Mimi ni muhubiri, na sisi wahubiri hatupendi mutu atupimie maneno. Lakini nilifundishwa na jambo lililonipata mimi mwenyewe, na nitawaelezea bila kuficha.

Asubuhi moja, saa moja, niliitwa kutoka lopitali. Mama mumoja wa kanisa letu alikuwa amezaa usiku, na damu nyingi ilimutoka. Munganga alisema sherti apate damu ya grupe O siku ile ile. Nikakamata telefone, nikaandika ku kikundi cha kanisa. Niliandika vizuri sana, sawa nilivyofundishwa ku masomo ya Biblia. Kwanza salamu kwa wazee, kwa madiakono, kwa wamama, kwa kwaya zote. Kisha asante kwa sadaka ya Siku ya Mungu. Kisha maandiko mawili juu ya mateso ya mwenye haki. Kisha habari ya mama. Kisha damu. Kisha numero ya diakono. Mwisho, baraka. Nyuma nilihesabu: mistari 31. Neno "damu" lilikuwa ku mustari wa 19.

Munajua ginsi WhatsApp inafanya na ujumbe murefu. Inaukata, na chini inaweka maneno ya Kifaransa, "Lire la suite". Mwenye kutaka kusoma yote sherti agonge pale. Kufika saa sita ya muchana nilikuwa nimepata "Amina" 43, na picha za mikono ya kuomba. Hakuna hata mutu mumoja aliyefika ku lopitali.

Saa tisa bibi yangu alirudi kutoka soko. Akauliza: "Batu ba damu balifika?" Nikamuonyesha zile Amina. Alinyamaza kidogo, akasema: "Njo damu hii?" Kisha akakamata telefone yake, akaita vijana watatu, mumoja kwa mumoja. Kwa kila mumoja alisema maneno yasiyofika kumi na tano. Saa kumi wawili walikuwa tayari wamelala ku kitanda cha kutoa damu.

Mumoja wao alifanya kazi ya usiku ku kariere, alikuwa amelala tangu saa mbili ya asubuhi. Nyumba yake haiko mbali na lopitali, labda hatua 200. Nilimuuliza kama hakuona ujumbe wangu. Akajibu kwa heshima: "Papa Pasta, niliuona. Ilikata. Sikufungua, nilizani ni mahubiri. Nilitia Amina, nikalala."

Mama alipona, na mutoto pia, Mungu asifiwe. Lakini masaa tisa alilala akingojea damu iliyokuwa hatua 200 na kitanda chake. Na kitu kilichofunga njia ile ni maneno yangu mazuri.

Mupaka ulitoka wapi?

Vijana wengi wanazani mupaka wa herufi ni ukorofi wa makampuni tu. Tuangalie kidogo historia.

Mwaka 1985, mujini Bonn kule Ujerumani, fundi mumoja wa telefone, jina lake Friedhelm Hillebrand, aliketi mbele ya mashini yake ya kuandika. Yeye na wenzake walikuwa wanatafuta njia ya kupitisha maandiko ndani ya telefone za kutembea nazo. Njia waliyokuwa nayo ilikuwa nyembamba: haikuwa ile ya sauti, ilikuwa ile ndogo ambayo mashini zenyewe zinatumia kupashana habari, kwamba telefone hii inaitwa, ile iko tayari. Hillebrand aliandika sentensi za kila namna, maulizo na majibu ya kila siku, kisha akahesabu herufi, alama na nafasi. Aliona kwamba karibu zote hazikufika herufi 160. Aliangalia pia kadi za posta na ujumbe wa teleksi: hata kule watu walikuwa wanasema mambo yao kwa kifupi. Basi 160 ikawa kipimo cha SMS. Ujumbe wa kwanza ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, na fundi kijana, Neil Papworth. Ulikuwa na maneno mawili tu, ya kutakia Noeli njema.

Sisi wengine tulijifunza mupaka ule kwa feza. Ukipita herufi 160, telefone inahesabu ujumbe wa pili, na inite zinakatwa mara mbili. Na ukiweka ndani herufi moja ya Kifaransa kama ê, mupaka unashuka mpaka 70. Kiswahili chetu hakina shida ile. Wale walioandika SMS miaka ile wanakumbuka: mbele ya kutuma, ulisoma tena, ukatosha neno hili, ukatosha lile, mpaka ikaenea. Hatukujua kwamba tulikuwa ku masomo.

Mwaka 2006 mutandao wa Twitter ulianzishwa Marekani, na ulitegemea SMS. Kwa hiyo waliacha herufi 20 kwa jina la mwandishi, zikabaki 140 kwa maneno yake. Raisi wa inchi, mwimbaji, mwanafunzi, wote walipewa 140. Mwezi wa Novemba 2017 waliongeza, zikawa 280. Watu walizani sasa kila mutu ataandika mara mbili. Kumbe hapana. Mwaka 2018 kampuni lenyewe lilitangaza kwamba, kwa Kiingereza, urefu unaoonekana zaidi ulikuwa herufi 34 mbele ya mabadiliko, na nyuma yake ukawa 33. Mbele, 9 kwa mia ya ujumbe wa Kiingereza ziligonga mupaka. Nyuma, 1 kwa mia tu. Kumbe jambo la mutu, akilipima vizuri, si refu sana.

Lakini kuko jambo lingine walilolitangaza, na sisi Waafrika tulisikie vizuri. Nafasi ilipoongezwa, neno la "tafadhali" liliongezeka 54 kwa mia, na neno la "asante" 22 kwa mia. Ni kusema mupaka ukikaza sana, kitu cha kwanza kinachotupwa inje ni heshima. Mushike neno hili, tutarudi kwalo.

Ginsi tulivyofanya

Nyuma ya mambo ya ile damu, tuliita kikao cha wazee na vijana. Niliungama mbele yao, kisha nikaomba tuweke sheria kwa kikundi. Muzee mumoja alisimama, akasema: "Pasta, kusalimia ni heshima. Mutu haingie mu nyumba ya mwenzake na kusema 'nipe chumvi'. Hii ya kukata maneno ni ya bazungu." Alikuwa na haki kwa upande mumoja. Kijana mumoja akasema: "Muzee, tunasalimia. Lakini tusikae mulangoni saa moja." Watu walicheka, na pale tukasikilizana.

Sheria yetu ni hii. Tangazo lisipite herufi 280, ni kusema mistari sita hivi, maneno 40 kwa Kiswahili. Mustari wa kwanza ni wa salamu, hakuna wa kuukata. Mustari wa pili ni jambo lenyewe: nini, wapi, saa ngapi. Ujumbe mumoja, jambo moja. Sauti isipite dakika moja. Na sheria iko sawa kwa wote, kuanzia muchungaji mpaka mutoto wa kwaya. Mwenye kupita, katibu anautosha ujumbe wake; tangu mwaka 2022 WhatsApp inaruhusu mukubwa wa kikundi kufanya vile.

Kama ningekuwa na sheria hii siku ile, ningeandika hivi:

"Bwana asifiwe. Tunatafuta damu ya grupe O leo asubuhi ku lopitali kubwa, kwa mama mumoja wetu aliyezaa usiku. Mwenye kuweza kutoa, aite diakono sasa hivi: numero iko hapa chini. Wengine, tuombe."

Muhesabu wenyewe: haifiki herufi 200. Salamu iko, maombi iko, damu iko.

Juma la pili, mutu wa kwanza kuvunja sheria, munazani alikuwa nani? Ni mimi. Niliandika tangazo la kazi ya mikono ku kanisa, mistari 11. Katibu wetu, binti wa kwaya, aliutosha. Akaniandikia mimi peke yangu: "Papa Pasta, ni mistari 11. Pole." Nilikasirika, siwezi kudanganya. Mutoto niliyemubatiza! Lakini niliketi kuukata, na pale niliona kitu. Mistari mitano ya mwisho haikuwa tangazo. Ilikuwa ya kumuchoma ndugu mumoja ambaye hakuja mara tatu, bila kutaja jina lake, lakini kila mutu angemujua. Katika maneno mengi nilikuwa nimeficha mwiba, na mimi mwenyewe sikuuona. Mupaka ulinitosha mwiba ule mukononi. Nilikwenda kwa ndugu yule jioni. Nilikuta mutoto wake ni mugonjwa.

Faida ya mupaka

Faida ya kwanza: kazi inarudi kwa mwenye kuandika. Ninyi munaokaa karibu na kariere munajua. Katika kilo 100 za mawe, shaba ni kilo chache tu. Ndiyo maana kuko kiwanda cha kutenga madini na udongo, mbele lori hazijaenda mbali. Mwenye kupakia udongo wote anamupa mwingine muzigo. Kikundi chetu kina watu 120. Nikiandika ujumbe wa kusoma dakika mbili, ninakamata dakika 240 za watu, masaa manne! Na mimi kwa kuukata ningetumia dakika kumi. Kuandika kirefu ni rahisi kwangu, lakini ninalipisha wengine. Na sauti ya dakika saba, mwenye kuisikiliza ananunua mega kwa feza yake.

Faida ya pili: mupaka unawafanya wote kuwa sawa, kama unashikwa. Ndiyo sababu ninasema ushikwe kabisa. Ukisema "jaribuni kuandika kifupi", wanyenyekevu watatii, wakubwa wataendelea. Angalieni ule mutandao wa Twitter. Mwaka 2023 waliubadilisha jina, ukaitwa X, na mwaka ule ule wenye kulipa kila mwezi waliruhusiwa kuandika mpaka herufi 25,000. Asiyelipa alibaki na 280. Yakobo katika barua yake, sura ya 2, anatukataza kumupa mwenye pete ya zahabu kiti kizuri na kumuambia masikini asimame kule. Katika kanisa, mwenye feza asipewe mistari mingi kupita mujane.

Faida ya tatu: mupaka unatupima moyo. Ukilazimishwa kuchagua, utajua wewe mwenyewe ni nini ulitaka kusema. Mara ingine utaona kwamba hakukuwa na kitu. Hiyo nayo ni faida. Muhubiri, sura ya 5, anatufundisha maneno yetu mbele ya Mungu yawe machache. Bwana Yesu mwenyewe, katika Matayo 6, alikataza kurudia-rudia maneno katika maombi, kisha akafundisha maombi ambayo mutoto wa miaka sita anaweza kuyashika. Na wahubiri wenzangu, tusimusahau Eutiko, Matendo ya Mitume sura ya 20. Paulo alihubiri mpaka usiku wa manane, kijana akasinzia ku dirisha, akaanguka kutoka orofa ya tatu. Paulo alimurudisha mutu yule kwa wazima. Sisi wengine tuwe na akili.

Mambo ambayo hayaingie mu mistari sita

Sasa ninawaomba musinielewe vibaya. Mupaka ni wa matangazo na masolo ya kikundi. Kuko maneno ambayo ukiyafupisha, unayageuza kisu.

Baba mumoja anafanya kazi mbali na nyumba, ku muji mwingine wa madini. Mwezi mumoja mushahara ulichelewa. Akamuandikia mutoto wake wa kalasi ya mwisho: "Feza hakuna. Baki nyumbani." Maneno manne. Herufi hazikupita mupaka hata kidogo! Mutoto alisoma: baba amenitupa. Miezi mitatu hakujibu kitu. Baba alipofika likizo, walikaa chini ya muti wa embe, ikawa masaa mawili ya kusema na ya kulia. Baba alikuwa amekopa feza kwa wenzake mbele ya kuandika maneno yale manne, na wote walimukatalia. Habari ile haikuingia mu ujumbe. Ilihitaji uso.

Mutume Yoane alijua jambo hili. Barua yake ya pili ina mistari 13 tu. Karibu na mwisho anasema ana mambo mengine mengi ya kuandika, lakini hapendi kuyaweka kwa karatasi na wino; anatumaini kufika na kuzungumza nao uso kwa uso. Ile ya tatu, iliyo fupi vilevile, inasema karibu sawa. Angalieni vizuri: Yoane hakuandika kifupi juu ya uvivu. Aliandika kifupi juu alikuwa tayari kutembea. Yale mafupi ni ya barua, yale marefu ni ya miguu.

Basi ugomvi wa bwana na bibi usiandikwe mu kikundi, hata kwa mustari mumoja. Kifo cha mupendwa, mutu asikisome ku telefone kama inawezekana kumufikia. Kijana anayetaka kuachana na muchumba wake asitume herufi 280, aende na amuangalie machoni. Na mwenye kuomba rehema, aombe kwa kinywa. Mupaka mukali una kazi hii pia: ukiona neno lako halienee, usiongeze ujumbe wa pili, wa tatu, wa ine. Simama, ufunge telefone, uvae viatu.

Kazi ya nyumbani

Jioni moja mwezi huu, familia mukae pamoja. Kila mutu afungue telefone na atafute ujumbe murefu zaidi alioutuma. Ausome kwa sauti. Kisha wote mumusaidie kuuandika tena kwa mistari sita, na salamu ibaki. Mujiulize maulizo haya:

1. Katika ujumbe ule, jambo lenyewe lilikuwa ku mustari wa ngapi?
2. Maneno tuliyotosha, yalikuwa ya kumusaidia musomaji ao ya kujionyesha?
3. Kuko neno ndani ambalo tungepaswa kulipeleka kwa miguu?
4. Kuko "Amina" ngapi tulizotia mwezi huu bila kusoma?

Ulizo la ine ni letu sote, wenye kusoma. Ile siku nilikosa mimi, lakini zile Amina 43 si mimi niliyeziandika.

Yule mutoto aliyezaliwa usiku ule sasa anatembea. Siku ya Mungu anakimbia mpaka mbele, anashika suruali yangu, na mama yake anakuja kumukamata. Kila mara ninapomuona, ninakumbuka ule mustari wa 19. Mungu atupe neno la kufaa kwa saa yake, na miguu ya kupeleka yale yanayobaki. Abariki nyumba zenu.